Daktari wa moyo, mwalimu na mtafiti: lazima nichague?

Swali

"Shikamoo Profesa. Mimi ni daktari, nina miaka 29, nafanya kazi hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Nilimaliza utarajali miaka mitatu iliyopita. Katika udaktari wote hakuna ninachokipenda kama moyo. Napenda pia kufundisha, na mwaka jana nilisaidia kukusanya takwimu za utafiti mmoja, nikajikuta silali kwa kuufikiria. Bingwa mmoja ninayemheshimu ameniambia nichague: nikitaka kutibu niachane na chuo, nikitaka chuo nisahau wagonjwa, kwani mshika mbili moja humponyoka. Je, ni kweli? Njia yenyewe ni ndefu kiasi gani, na mtu mwenye mtoto wa miaka miwili anaiweza?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hiyo methali. Ni ya kweli, lakini inamhusu mtu aliyeshika vitu viwili visivyojuana. Kutibu moyo, kuufundisha na kuutafiti ni kazi moja iliyogawanywa kwa saa za siku. Bingwa aliyekushauri hakukutakia mabaya. Nadhani ameona watu wakichoka wakaacha, na ameona wengine wenye vyeo vikubwa chuoni ambao hawajagusa mgonjwa kwa miaka. Mimi nimo humu kwa zaidi ya miaka 20, nami nakwambia inawezekana, kwa sharti moja nitakalolifikia. Kwanza nikupeleke kwenye kitanda kimoja.

Nilikuwa nasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Tuliitwa wodi ya wazazi kumwona mama wa miaka 24, mimba ya miezi saba, aliyekuwa ametibiwa pumu sehemu tatu tofauti bila kupata nafuu. Alikuwa amekaa kitako, ameinamia mto aliouweka mapajani, anahema kwa vipande. Mwalimu wetu hakuanza na faili. Alimsalimia, akampa pole, kisha akamuuliza, "Mama, usiku unalalia mito mingapi?" Akajibu, "Mitatu. Na ikifika saa nane huamka nikaenda kukaa dirishani." Mwalimu akamwomba ajilaze kidogo kwa ubavu wa kushoto, akaweka ule upande mdogo wa stetoskopu, wa kengele, chini ya titi la kushoto, akasikiliza kwa muda mrefu mpaka sote tukanyamaza. Akatupa zamu mmoja mmoja. Mimi sikusikia kitu. Nilitaka kusema nimesikia, kama wenzangu walivyosema, lakini aliniangalia usoni akajua, akanirudisha pale pale. "Usikandamize, gusisha tu. Usitafute sauti kali. Tafuta lori linalopanda mlima, mbali sana." Nikafumba macho. Lori likaja.

Ilikuwa valvu ya mitrali, mlango wa damu wa upande wa kushoto wa moyo, iliyosinyaa kwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Maumivu ya koo ya utotoni yanayoletwa na bakteria wa streptokoka, yasipotibiwa, yanaweza kuifanya kinga ya mwili iigeukie valvu yenyewe. Miaka inapita kimya, msichana anakua, anaolewa, anashika mimba, na mimba ndiyo inayofichua. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu na mapigo ya moyo huenda mbio zaidi, sasa mlango uliosinyaa haupati muda wa kupitisha damu yote. Inayobaki inarudi nyuma na kujaa mapafuni. Hiyo ndiyo "pumu" aliyokuwa nayo. Tulimpa dawa za kupunguza maji na za kutuliza kasi ya mapigo, akajifungua salama. Baadaye valvu yake ilipanuliwa kwa puto nchini India, maana wakati ule wagonjwa wetu wa aina hiyo walikwenda huko kwa rufaa.

Jioni ile mwalimu alitukalisha kwenye benchi nje ya wodi akatuuliza, "Katika wodi hii, kwa mwaka mmoja, wako akina mama wangapi kama huyu?" Tukatazamana. Si sisi wala masista wa wodi, hakuna aliyejua. Akasema, "Basi mmoja wenu ahesabu." Nilihesabu mimi, na tasnifu yangu ya uzamili ikazaliwa pale kwenye benchi.

Tazama alichokifanya yule mzee ndani ya saa chache. Alimtibu mgonjwa, alinifundisha sikio langu kusikia, na aliona pengo la maarifa ambalo mtu asiyekaa wodini asingeliona. Ukimwondoa kwa mgonjwa, swali linapotea. Ukimwondolea wanafunzi, hakuna wa kwenda kuhesabu.

Nalisisitiza hili kwa sababu moyo wa watu wetu bado haujaandikwa vya kutosha. Vitabu tunavyosomea vinamweleza mgonjwa wa moyo ulioshindwa kufanya kazi kama mzee wa miaka 70 na kitu, mishipa yake ya moyo imeziba kwa mafuta. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa THESUS-HF, uliochukua wagonjwa 1,006 waliolazwa katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu, na mishipa iliyoziba haikufika hata mgonjwa mmoja kati ya kumi. Muhimbili nako, utafiti wa TaHeF uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta shinikizo la damu nyuma ya karibu nusu ya wagonjwa. Mtu wa miaka 52 bado ana watoto wa shule na wazazi wanaomtegemea. Ukimtibu kwa kufuata picha ya mzee wa Boston, Marekani, utakosea kipimo cha kwanza, utakosea na dawa ya kwanza.

Wala kazi hii haikuanza jana huku kwetu. Mnamo 1948 mtaalamu wa patholojia J. N. P. Davies, akifanya kazi Makerere na Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa wa moyo ambao utando wake wa ndani unakuwa mgumu kama kovu. Alikuwa anafungua miili ya marehemu, anauona ugonjwa ambao vitabu vya kwao havikuwa nao, na badala ya kuulazimisha uingie kwenye jina la zamani akauandika kama ulivyo. Leo Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988, na Dar es Salaam tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015. Mambo ambayo mimi nilikuwa nayaona kwenye picha za vitabu tu, wewe utayaona kwa macho yako kabla hujamaliza mwaka wa kwanza wa ubobezi, yale masomo ya moyo yanayofuata baada ya ubingwa.

Ngoja nikuonyeshe utafiti unavyorudi kitandani, kwa sababu nahisi hapo ndipo yule bingwa wako anapoona mambo mawili. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, timu ya kina Andrea Beaton na Emmy Okello ilipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo ukipiga. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, waliokutwa na mabadiliko ya mwanzo kabisa ya rumatiki kwenye valvu na ambao hawakuwa wakihisi lolote, waliingizwa katika jaribio. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitoka mwishoni mwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kati ya wasiochomwa, kwa watoto 33. Penisilini, dawa ambayo iko hata kwenye zahanati! Kila nikizisoma namba hizo namkumbuka yule mama wa mito mitatu. Naye aliwahi kuwa msichana wa miaka kumi, valvu zake zikiharibika polepole bila mtu kujua.

Utafiti mwingine wa karibu nasi ni CREOLE, wa mwaka 2019: watu weusi 728 wenye presha katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Ulilinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Miwili iliyokuwa na amlodipini ilishusha presha zaidi kuliko ule wa perindopril na haidroklorothiazidi. Hilo unaweza kulitumia kesho asubuhi kliniki kwako bila kununua mtambo wowote.

Halafu kuna utafiti uliotusahihisha sisi wenyewe. Mgonjwa wa rumatiki ambaye mapigo yake yamekuwa holela anahitaji dawa ya kuzuia damu isigande, na miaka yote tumempa warfarini. Warfarini inasumbua. Inamtaka mgonjwa apime damu mara kwa mara, na mgonjwa wa kijijini anamalizia fedha ya mavuno yake kwenye nauli ya kuja kupima. Ilipokuja rivaroxaban, isiyohitaji kupima, wengi wetu tuliomba ishinde. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya INVICTUS, wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24. Waliokuwa kwenye dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroxaban. Nilikaa na karatasi ile ofisini nikiwa nimevunjika moyo, kisha nikaenda kufuta sehemu ya mhadhara wangu. Wanafunzi walinisikia nikisema mbele yao kwamba nililowaambia mwaka uliopita halikuwa sahihi. Daktari asiyesoma tafiti angeendelea kuandika dawa aliyoitamani, na mtafiti asiyeonana na wagonjwa asingejua kwamba tatizo lililobaki sasa ni nauli.

Sasa lile sharti. Uwe na swali moja lililo lako, ulishike kwa miaka mingi. Wanaoponyokwa katika kazi hii, kwa nilivyoona, ni wale wanaopokea kila utafiti unaopita: mwaka huu kisukari, mwakani uviko, mwaka unaofuata chochote ambacho mfadhili amekileta. Wana makala nyingi, lakini ukiwauliza wamegundua nini wanakosa la kusema. Nawe kliniki itakuwa imekuchosha tayari, kwa hiyo nguvu chache zitakazobaki zikitawanywa hazitafika popote.

Mtu ninayemtumia kama mfano kwa wanafunzi wangu ni Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1967 huko Eastern Cape, akawa daktari wa moyo na profesa Chuo Kikuu cha Cape Town na hospitali ya Groote Schuur. Alishika magonjwa ya moyo ya watu maskini. Kifua kikuu kinachoingia kwenye mfuko wa moyo, ambacho nchi tajiri zimekisahau, alikifanyia jaribio la wagonjwa 1,400 lililochapishwa mwaka 2014. Lilionyesha kwamba prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, haikupunguza jumla ya madhara waliyokuwa wanayapima, ingawa ilipunguza mfuko kukakamaa na kuubana moyo, na kwamba kwa wanaoishi na VVU saratani ziliongezeka. Alisaidia pia kuanzisha daftari la pamoja la rumatiki, REMEDY, lililoandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 14. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo. Na kuna familia moja ya Afrika Kusini ambayo vijana wake walikuwa wanakufa ghafla. Yeye na wenzake waliifuatilia kwa takriban miaka 20 mpaka mwaka 2017 walipotangaza jeni iliyohusika, CDH2. Miaka 20, familia moja. Naamini alikuwa anawafahamu kwa majina na kwa hali zao.

Sitakuficha mwisho wake, kwa sababu unauliza kama kazi hii inabebeka. Mwaka 2016 aliteuliwa kuwa mkuu wa kitivo, katikati ya kipindi kigumu cha migomo ya wanafunzi. Julai 2018 alijitoa uhai. Familia yake ilieleza hadharani kwamba alikuwa amepambana na sonona kwa miaka miwili. Sisi tuliokuwa tunamtazama kwa mbali kama mlima tulilia. Mimi tangu siku hiyo nawauliza rezidenti wangu, madaktari wanaosomea ubingwa, kila mwezi, faraghani, wanalala saa ngapi na wanakula na nani, na wewe ukifika huku nitakuuliza. Ukihisi giza limekuzidi, mwambie mtu siku hiyohiyo, na umwone mtaalamu wa afya ya akili kama ambavyo ungemtuma mgonjwa wako. Madaktari tunajiona hatuhusiki na magonjwa tunayoyatibu. Tunahusika sana.

Turudi kwenye hesabu ya miaka. Udaktari na utarajali umeshamaliza, hiyo ni sehemu kubwa. Inafuata shahada ya uzamili katika magonjwa ya ndani, au ya watoto kama moyo wako uko kwa watoto: miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Kisha ubobezi wa moyo, miwili au mitatu. Humo ndimo utakapojifunza eko kwa undani, kusoma umeme wa moyo bila kubahatisha, na kuingia chumba cha katheta, pale wanapopitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkononi au wa pajani mpaka kwenye moyo. Ukitaka kuwa mtafiti anayejitegemea utahitaji uzamivu, miaka mitatu hadi mitano, na wengi huufanya huku wanafanya kazi. Kenya na Uganda hatua zinafanana na hizi. Ukianza mwakani, utakuwa mbobezi ukiwa na miaka 35 hadi 37, na uzamivu ukiwa na arobaini na kidogo. Unaona ni mbali? Miaka hiyo itapita hata ukibaki hapo ulipo. Na katika miaka yote hiyo utakuwa unatibu watu kila siku, husubiri kuanza maisha.

Serikali ina ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubobezi, huu unaoitwa wa Rais Samia ukiwemo. Omba mapema, na barua ya mwajiri wako uanze kuihangaikia miezi mingi kabla, kwa sababu ruhusa ya masomo ndiyo inayokwamisha wengi kuliko alama.

Chuoni utaanza kama mhadhiri msaidizi, upande kuwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, halafu profesa. Kupanda kunategemea machapisho kwa kiasi kikubwa, na hapa nakuonya. Utapokea barua pepe tamu kutoka majarida ya kitapeli yanayoahidi kuchapisha makala yako ndani ya wiki moja ukilipa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuwapa kazi nzuri ya miaka miwili. Ipo huko mpaka leo, na hakuna jarida la maana linaloweza kuipokea tena. Jarida usilolijua, muulize mtu wa maktaba ya chuo kabla ya kutuma.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli. Mshahara wa mwalimu wa chuo unatosha kuishi, hautoshi kushindana na mwenzako aliyefungua kliniki yake mjini. Utashawishika kufanya kliniki za jioni kila siku, na hakuna dhambi ndani yake, ila hizo jioni ndizo saa za kuandika. Mimi nilijiwekea jioni mbili kwa wiki, nikasomesha watoto kwa hizo mbili. Alhamisi asubuhi huwa nazima simu, nafunga mlango, naandika mpaka saa saba mchana. Mwanzoni watu walinuna. Sasa hata wahudumu wa wodi wanajua, "Leo Alhamisi, Profesa yuko kwenye karatasi zake, mpigie mwenzake wa zamu." Hakuna atakayekupa saa hizo, itabidi uzichukue mwenyewe, na umwandalie mgonjwa mtu wa kumhudumia katika saa hizo. Ratiba ya wodi yetu inamtaja huyo mwenzangu kwa jina kila Alhamisi.

Nikwambie na kosa langu, ili usilirudie. Utafiti wangu wa kwanza wa kufuatilia wagonjwa nilijaza fomu 200 kwa mkono, nikazipanga kabatini, na kwenye kila fomu niliandika namba moja ya simu. Baada ya miezi kumi na miwili nikaanza kupiga. Namba haipatikani. Namba sasa ni ya mtu mwingine. Karibu nusu ya wagonjwa wangu sikuwapata, na sikuweza kusema kama wako hai au wamefariki. Makala ilikataliwa, na ilistahili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baadhi ya wale watu walikuwa wamekatiza dawa, na mimi daktari wao sikuwa na njia ya kuwafikia. Tangu hapo kila mgonjwa wangu, wa utafiti na asiye wa utafiti, namwomba anipe namba tatu: yake, ya ndugu anayekaa naye, na ya mjumbe wa nyumba kumi au mtu yeyote wa mtaani ambaye hahami. Kitu kidogo hicho kimeniokolea wagonjwa kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Ualimu sina haja ya kukueleza sana, maana umesema unaupenda. Utafundisha zaidi kitandani kuliko ukumbini. Muombe mgonjwa ruhusa mbele ya wanafunzi, kwa sauti, ili nao wajifunze kuomba. Wafundishe kuutazama mshipa wa shingo mgonjwa akiwa ameegemezwa nusu, kabla hawajakimbilia eko. Wafundishe kusikia maneno ya watu wetu: mgonjwa akisema "presha ya kushuka", "moyo unapaparika" au "nimejaa maji", kila neno lina maulizo yake. Na tasnifu ya mwanafunzi isilale mezani kwako. Ya kwangu ililala kwa msimamizi mmoja miezi mitano bila hata mstari mmoja wa kalamu, nikakosa mahafali ya mwaka ule. Mimi hurudisha ndani ya wiki mbili, hata kama ni kwa kusema sura hii bado.

Hapo ulipo, hospitali ya wilaya, unaweza kuanza Jumatatu. Fungua daftari la wagonjwa wa moyo wa kliniki yako: umri, presha, mito wanayolalia, dawa wanazotumia, tarehe ya kurudi, na zile namba tatu. Hilo ni la kuwahudumia vizuri. Ukifika wakati wa kutaka kulichambua na kulichapisha, usichomoe hata jina moja kabla hujapata idhini ya maadili na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na baraka za mganga mkuu wa wilaya. Wakati unasubiri, jifunze kuchambua takwimu. Programu ya R ni ya bure, inataka subira tu. Na kila ukifanya kitu kwa mazoea, ukajiuliza "hivi kwa nini tunafanya hivi?", kiandike ukurasa wa nyuma wa daftari. Ukifikisha maswali thelathini utaona mawili au matatu yanajirudia. Katika hayo ndimo lilimo lako.

Limebaki la mtoto. Mimi nilianza uzamivu binti yangu akiwa na miezi kumi na minne. Niliufanya kwa mpango ambao unakaa nyumbani ukikusanya takwimu na kutibu, kisha unakwenda Ulaya miezi mitatu mitatu kuchambua na kuandika. Vyuo vya Sweden na Norway vimefanya kazi hivyo na Muhimbili kwa miaka mingi. Mara ya kwanza nilimwacha kwa mama yangu, na niliporudi hakutaka kunijia, alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Iliniumiza vibaya mno. Mara ya pili nilikwenda naye, mume wangu akachukua likizo ya mwezi mmoja, na mwezi uliofuata alikuja mdogo wangu. Niliandika usiku. Msimamizi wangu alinikuta siku moja nimelala juu ya kompyuta, akanipeleka nyumbani, akasogeza tarehe. Ulizia mapema, kabla ya kusaini chochote, kama mpango unaruhusu mtoto na kama wanasaidia nauli yake. Baadhi wanasaidia na hawatangazi. Kaa pia na mwenzako na wazazi, mkubaliane nani atafanya nini na kwa miezi mingapi, na mwandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Ukishalipata swali lako, liandike kwa sentensi moja unitumie. Nitalisoma Alhamisi.